Kaka Yangu Alisahihisha Posa

Kaka yangu Rutaihwa hawezi kula mahali ambapo kibao cha mlangoni kimekosewa. Si kwamba hataki, hawezi. Pale Rwamishenye anapokaa kuna mama anapika chapati nzuri kuliko zote mtaani, na juu ya dirisha lake pameandikwa "Hoteri". Kaka amepita pale miaka sita na njaa yake. Mwaka jana nikamuuliza, wewe mtu, unakula chapati au unakula kibao? Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, hata nikikipa mgongo nitajua kipo."

Mimi naitwa Gaudiosa. Nimemzidi miaka mitatu na nimembeba mgongoni, kwa hiyo haya ninayoyasema nina haki ya kuyasema. Nakaa Kemondo kwenye kibanja alichoniachia marehemu mume wangu, migomba na kahawa, na shule yangu iliishia darasa la saba. Sisi Wahaya L na R zinatuchanganya tangu tumboni mwa mama. Nilidhani Mungu kamwepusha Rutaihwa peke yake na hilo, kumbe alikuwa anamwandalia mateso.

Amefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji mjini Bukoba. Kadi za harusi, kalenda, ratiba za misa, vyeti vya ubatizo, vyote vilipita mezani kwake kabla ya kuingia mashineni. Kazi yake ilikuwa kutafuta kosa, basi. Anasema katika miaka yote hiyo yalimpita makosa mawili tu, na ukimuuliza atakutajia na tarehe. Amestaafu, ila kalamu nyekundu haijastaafu, iko mfuko wa shati hadi leo, kanisani anakwenda nayo.

Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp watu wanamwogopa. Binamu yetu alifiwa na mkwe, ndugu mmoja akaandika "Poreni sana kwa msiba", na kaka yangu, bila haya, akaandika chini yake "Poleni". Neno moja tu, msiba wa watu. Siku hiyo nilimpigia simu nikampa vidonge vyake. Akasema samahani, kisha akanitumia ujumbe wa kuomba radhi ulionyooka hadi nikakasirika upya. Tangu hapo mimi namtumia sauti. Sauti haina herufi, hana pa kunishika.

Nitamtetea kwa jambo moja, halafu niendelee. Alipomaliza darasa la saba alichaguliwa sekondari, mmoja kati ya watatu shule nzima. Kwenye orodha jina lake lilikosewa, herufi mbili zikabadilishana nafasi. Alifika shuleni na sanduku lake la bati, mwalimu wa zamu akaangalia orodha, akamwambia huyu aliyeandikwa hapa si wewe. Ilichukua mwaka mzima kulinyoosha, na mwaka huo alikaa nyumbani akichuma kahawa na baba. Hakulia. Ila nilimwona akianza kusoma mifuko ya sukari, mbele na nyuma, kila neno.

Sasa, ana binti mmoja, Annastella, muuguzi. Serikali ilimpangia zahanati kwenye kisiwa kimoja cha Muleba. Sitakitaja, kina watu wachache na wote watajua. Ni kisiwa cha wavuvi na wachuuzi wa dagaa, wengi Wasukuma waliotoka ng'ambo ya ziwa. Tulidhani atalia mwezi mmoja aombe uhamisho. Amekaa miaka minne. Mwaka wa tatu akanipigia simu akaniambia, "Shangazi, kuna mtu." Aliniambia mimi kwanza kwa sababu kwetu mambo ya binti yanapitia kwa shangazi, ishenkazi, kabla hayajafika kwa baba.

Huyo mtu ni Gideon, fundi wa injini za boti, mtoto wa Mzee Mayenga. Mzee mwenyewe alianza kwa kubeba makarai ya dagaa, sasa ana mitumbwi minne. Nilimchunguza Gideon kwa njia zangu. Hanywi kupita kiasi, hana mke aliyefichwa Mwanza, na anamheshimu baba yake. Nikamwambia Annastella, waambie walete barua.

Barua ilikuja mwezi wa tano, imeletwa na mdogo wake Mzee Mayenga anayeitwa Sayi, ndiye waliyemfanya mshenga. Alishukia Kemondo kwa boti, mimi nikampokea, tukapanda gari pamoja hadi Rwamishenye. Mtu mpole, anaongea kama anahesabu maneno. Wifi yangu Edvina alimpa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyopewa mgeni wa heshima, naye akaipokea kwa mikono miwili ingawa kwao haitafunwi. Barua ilikuwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya kitambaa cheupe. Ilikuwa kurasa tatu za daftari, mwandiko mkubwa unaopanda na kushuka. Kaka aliitazama kwa mbali nikaona shingo yake inakaza. Akasema, "Tumepokea. Njoo baada ya wiki mbili."

Hapa lazima nieleze kitu kwa wasiojua. Barua ya posa ikishafunguliwa hairudi ilikotoka, isipokuwa imekataliwa. Ukikubali, unakaa nayo, unaifungia kabatini, inakuwa yako. Ukikataa, unaikunja unairudisha na kitambaa chake, na huhitaji kusema neno lolote. Ni njia ya adabu, watu wasitupiane maneno. Kwetu iko hivyo, kwao nako iko hivyo, mtoto mdogo anajua.

Baada ya wiki mbili Sayi akarudi. Mimi siku hiyo sikuwepo, nilikuwa naanika kahawa, na hilo nitajilaumu hadi nizikwe. Kaka akamkabidhi barua ndani ya kitambaa chake, akamwambia, "Nimeweka alama mahali pa kurekebisha. Mzee akishaandika upya, ailete." Sayi akasema, "Haya, tumesikia." Akaaga, akaenda zake.

Mimi nilijulishwa siku ya tatu. Annastella alinipigia saa nne asubuhi nikiwa shambani, na kwa dakika nzima sikuelewa anasema nini kwa kilio. Wazee wa Gideon wamekaa kikao. Wamesema huyu mzee wa Bukoba ametukataa, na kukataa hakukumtosha, ametuchorea karatasi nzima wino mwekundu ili tujue hatukusoma. Gideon ameambiwa aache. Sayi tayari anaulizia familia nyingine huko Sengerema. "Shangazi," akasema, "baba amenimaliza. Simpigii simu tena maishani." Kisha akakata.

Niliacha jembe pale pale. Nilifika Rwamishenye na matope miguuni, nikamkuta kaka yuko mezani anasoma karatasi iliyofungia maandazi. Nikamwambia, umemkataa Gideon kwa nini?

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Nani amekataa?"

"Umerudisha barua."

"Nimeirudisha irekebishwe. Dada, ilikuwa na makosa arobaini na tatu. Ile ni karatasi ya kukaa kwenye ukoo, wajukuu wataisoma."

Nilikaa chini. Nataka mnielewe, nilikuwa nimekuja kupigana, ila nilipomwona uso nikaishiwa nguvu, maana hakuwa anadanganya. Miaka thelathini na moja, mtu analeta karatasi, yeye anaitia alama, inarudi kwa mwenyewe, inakuja tena ikiwa safi, inaingia mashineni. Kwake karatasi iliyorudi na wino mwekundu maana yake ni kwamba kazi inaendelea. Mila anazijua kuliko mimi, ila kalamu ikishaingia mkononi yeye hayuko Rwamishenye, yuko kiwandani.

Nikamuuliza, "Barua yenyewe ilisema nini?"

"Inaomba binti. Barua za posa zote zinasema hivyo."

"Kurasa tatu, kaka. Kuomba binti ni mistari mitano."

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Msahihishaji mzuri, alisema, hasomi kama watu wengine. Anaanza neno la mwisho la ukurasa wa mwisho, anarudi nyuma neno kwa neno hadi juu, na rula chini ya mstari. Ukisoma kwa mfululizo, habari inakuvuta, jicho linaruka kosa. Kwa hiyo unaikwepa habari. "Nimeikagua yote," akasema, "lakini siwezi kusema nimeisoma."

Basi nikamtolea uvivu. Nilimwambia mtoto wako analia kisiwani, na wewe hujui umeulizwa nini. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia, Edvina alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko. Kaka alinywea tu pale kwenye kiti, akawa mdogo, na mimi nikamwonea huruma katikati ya hasira, kitu ambacho kilinikasirisha zaidi.

Alipiga simu kwa Mzee Mayenga mara nne, haikupokelewa. Akakaa aandike barua ya kuomba radhi, akachana, akaandika, akachana. Mwisho nikamwambia, nyanyuka, tunakwenda. Edvina akashtuka. Baba wa binti haendi kwa wenye kijana, hata siku moja, ataonekana anamtembeza mtoto wake kama mkungu wa ndizi sokoni. Wazee wawili wa ukoo walipiga simu kukataza. Kaka aliwasikiliza hadi mwisho, akasema asanteni, akaenda kupiga pasi koti.

Boti tulipandia Kemondo. Ziwa lilikuwa na mawimbi, na kaka yangu, ambaye amezaliwa akiliona ziwa kila asubuhi, alitapika hadi koti likaharibika. Tulipofika, kutoka gatini kwenda juu kuna njia moja, na njia nzima ni vibao. Kinyozi, duka la dawa, video, wakala wa simu, sijui kama kulikuwa na kimoja kilichonyooka. Aliviona vyote, nilijua kwa jinsi alivyokuwa anameza mate. Kalamu haikutoka mfukoni. Alikuwa amebeba mwenyewe kikapu cha kahawa ya kutafuna, na mimi nyuma yake na ndizi.

Mzee Mayenga alitupokea. Hilo sitalisahau, maana angeweza kutuacha nje kwenye jua na harufu ya dagaa na asingelaumiwa. Ni mtu mrefu, mikono mikubwa yenye makovu ya kamba. Alitukaribisha ndani ya nyumba yake ya mabati, akatuwekea viti, akaagiza soda. Sayi alikaa pembeni. Annastella aliitwa kutoka zahanati, akaja na sare yake na kanga kiunoni, akapiga magoti akanisalimia mimi, akamsalimia Mzee Mayenga, akamsalimia na baba yake bila kumtazama usoni. Kisha akakaa mkekani karibu na mlango.

Kaka akasimama kuomba radhi. Alieleza vibaya. Alieleza habari za kiwanda, habari za karatasi kwenda na kurudi, akajikanyaga, akatafuta neno akalikosa, mtu ambaye hajawahi kukosa neno. Mwisho akasema tu, "Sikukataa. Nilikosea. Nimekuja kusema hivyo."

Mzee Mayenga alimsikiliza ameinamisha kichwa. Halafu akasema, "Ndugu zangu walisema umekataa. Mimi nikasema, mtu anayekataa hapotezi wino wote ule." Akaenda kabatini, akarudi na karatasi moja. "Nimeiandika upya. Nimeiandika mara tano, nafuata alama zako. Nilikuwa sijapata mtu wa kuileta, Sayi alikataa."

Kaka akaipokea. Kidole chake kikaenda chenyewe chini ya ukurasa, kikaanza kupanda, neno, neno, neno. Annastella alimtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu aingie, na sikupenda namna alivyomtazama. Kidole kikafika juu. "Haina kosa hata moja," kaka akasema, na niliona kabisa kwamba amefurahi. Alianza kuikunja aiweke mfukoni. Ingeishia pale, sote tungekunywa soda tukaondoka na harusi yetu.

Lakini mimi nilikuwa naangalia ile karatasi. Nikasema, "Mzee, samahani. Ile ya kwanza ilikuwa kurasa tatu. Hii ni moja."

Mzee Mayenga akasita. "Kuna sehemu nimeiondoa. Ilikuwa na wino mwingi kuliko zote. Nikaona mwenzangu hakupenda niseme mambo yale kwenye barua ya posa. Nikasema ana haki, si mahali pake."

"Mambo gani?" kaka akauliza.

Mzee alirudi kabatini akatoa kitambaa cheupe, akakiweka juu ya meza. Kaka akakifungua. Jamani, zile kurasa. Zilikuwa nyekundu kweli, mviringo, mishale, mistari, na ukurasa wa pili huwezi kuona bluu. Akazikusanya akaanza kuzisoma kimya, na mimi nikamwambia, "Kwa sauti. Kuanzia juu."

Akasoma. Makosa hayasikiki mtu akisoma, ni maneno tu ya mtu anaongea na mwenzake.

"Kwa baba yake Annastella. Mimi ni Mayenga. Naandika mwenyewe ingawa sikusoma sana, kwa sababu mtoto wa mtu haombwi kwa mkono wa mtu mwingine. Kijana wangu Gideon anampenda binti yako, hilo utalisoma mwisho. Kwanza nina deni lingine."

Hapo akafika ukurasa wa pili, akapunguza mwendo, maana ilibidi atafute maneno chini ya wino wake mwenyewe.

"Mke wangu Oliva aliumwa miezi mitano. Mimi nilikuwa siwezi kumuogesha. Nilimwogopa, alikuwa amebaki mifupa, nilidhani nitamvunja. Binti yako akitoka kazini alikuwa anakuja kila jioni anamuogesha, anamkata kucha, anamwambia habari za mjini hadi anacheka. Hatukumwomba. Wakati huo hakuwa anamjua Gideon, Gideon alikuwa Mwanza. Siku tatu kabla hajafa, Oliva aliniambia, huyu mtoto kuna nyumba alikojifunza kumshika mtu namna hii. Nikifa uitafute hiyo nyumba, ushukuru."

Kaka akaacha kusoma. Annastella alikuwa ameficha uso kwenye kanga yake, na mimi nilikuwa nalia bila kujificha, maana hakuna hata mmoja kwetu aliyejua. Miezi mitano, na kwenye simu alikuwa anatuambia tu kazi nzuri, shikamoo, lala salama.

"Endelea," Mzee Mayenga akasema taratibu. "Imebaki kidogo."

"Kwa hiyo," kaka akasoma, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "asante. Nimeitafuta nyumba, ni yako. Sasa ndiyo naomba."

Nje watu walikuwa wanageuza dagaa kwenye vyandarua. Kaka alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mzee mwenzangu," akasema, "hapa hukuniudhi. Sikupasoma."

Mzee Mayenga alimtazama kwa muda. Sijui alielewa nini kuhusu kiwanda na rula na kusoma kinyumenyume. Nadhani alielewa tu kwamba mbele yake kuna baba mwenye aibu. Akasema, "Sasa umepasoma."

Kaka akageuka kwa binti yake. Annastella akanyanyuka mkekani, akaja akasimama karibu na kiti chake, akamfuta tapishi la asubuhi begani kwa ncha ya kanga. Alifuta hadi likaisha.

Ndipo kaka akaichukua ile karatasi safi, ile isiyo na kosa, akamrudishia Mzee Mayenga kwa mikono miwili. Nikaona Sayi anakunja uso, nikasema moyoni, huyu mtu leo anatuua. Kisha kaka akazipanga zile kurasa tatu nyekundu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akazikunja ndani ya kitambaa chake, akazitia mfuko wa ndani wa koti, na akafunga vifungo vyote vitatu.

Sayi alikitazama kile kifungo cha mwisho kikiingia. Akainuka, akatoka nje kumwita Gideon.